Tezi ya mtoto, kikohozi cha mkubwa

Mtoto akivimba shingo, majirani huja na swali moja: "Limeiva?" Wanauliza kama wanavyoulizia jipu. Uvimbe ukiwa bado mgumu, mtoto hupakwa majani yaliyopondwa au mafuta ya moto, na kila asubuhi vidole vya bibi, vya shangazi na vya mpangaji wa chumba cha pili hupita juu yake kupima. Ukilainika, unatafutwa wembe. Ni swali la watu wema, na panapokuwa na jipu la kweli lina mahali pake. Lakini tezi nyingi za watoto haziivi, na kati ya hizo chache zinazolainika kuna ambazo wembe haukupaswa kuzikaribia hata kidogo.

Lipo swali la pili, ambalo katika ukanda huu wa Shinyanga na Geita ningependa liwe la kwanza, na wala haliihusu shingo ya mtoto. Nani anakohoa nyumbani?

Kolandoto ni mahali panapofaa kuuliza hivyo. Kata hii iko ndani ya Manispaa ya Shinyanga, kaskazini mwa mji, pale barabara ya Lalago inapoachana na ile ya Mwanza. Ukishika ya Mwanza, unaikuta njia ya Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Ukishika ya Lalago unaelekea Maswa na Meatu, nchi ya pamba na ng'ombe. Na ukirudi mjini ukaenda magharibi kupitia Kahama, unaufikia ukanda wa dhahabu: Bulyanhulu, kisha Geita na mgodi wake mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000, na katikati ya migodi hiyo machimbo madogo yasiyo na hesabu, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, na kila rashi mpya inayozuka mtu akiokota kipande cha jiwe lenye dhahabu shambani. Wanaume wa huku huenda na kurudi. Huondoka mavuno yakiisha, hurudi mvua zikikaribia, au hurudi wamezidiwa.

Kwenye njia panda hiyo ipo Hospitali ya Kolandoto ya Kanisa la AICT, iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission miaka ya 1910, pamoja na chuo cha sayansi za afya. Misheni hiyo ilijulikana pia kwa kuhudumia wagonjwa wa ukoma. Nalitaja hilo kwa sababu ukoma na kifua kikuu huletwa na bakteria wa ukoo mmoja, na Tanzania iliviweka chini ya paa moja mwaka 1977 ilipoanzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Mshauri wake mkuu alikuwa Mcheki Karel Styblo, na yale yaliyojaribiwa katika zahanati za Tanzania ndiyo Shirika la Afya Duniani lililoyasambaza kote miaka ya 1990 kwa jina la DOTS. Yaani moja ya njia maarufu kuliko zote za kutibu kifua kikuu ilikulia hapa kwetu. Inashangaza kidogo, basi, kwamba bado tunaifuata tezi ya mtoto kwa wembe.

Tuanze na tezi yenyewe. Mwili wa binadamu una mamia ya tezi za limfu, nyingi ndogo kama punje, na kila moja hufanya kazi kama geti la ushuru wa mazao barabarani: kinachopita hukaguliwa, na mzigo ukizidi, foleni hurefuka. Foleni hiyo ndiyo uvimbe. Kila tezi ina eneo lake. Za kisogoni hukagua ngozi ya kichwa. Za chini ya taya hukagua kinywa, meno na koo. Za kwapani hukagua mkono na bega, za kinenani mguu mzima.

Ramani hii watu wa Usukumani wanaijua vizuri upande wa chini. Mtoto akijikwaa akachubuka kidole, kesho yake kinena kikavimba, hakuna anayeshtuka. "Ana mtoki," wanasema, na macho yote huenda kwenye kidole. Kidonda husafishwa, mtoki hunywea. Hakuna aliyewahi kuukata mtoki ili kuponya kidole. Lakini uvimbe ule ule ukitokea shingoni, tunausahau ujuzi wetu wenyewe. Hatuangalii tena eneo ambalo tezi hiyo inalilinda. Tunauangalia uvimbe, tunauminya, tunauuliza kama umeiva.

Mtoto mdogo hukutana na kila kimelea kwa mara ya kwanza, kwa hiyo tezi zake hufanya kazi kupita za mtu mzima. Ndiyo maana watoto wengi wazima kabisa, wanaocheza na kula, wana vitezi vinavyohisika shingoni. Vikiwa chini ya sentimita 1 shingoni na kwapani, au sentimita 1 na nusu kinenani, vikiwa laini na vikitelezateleza chini ya kidole, kwa kawaida havihitaji dawa yoyote. Mafua yakiisha, kitezi kinaweza kubaki kwa wiki kadhaa kabla ya kusinyaa. Mama anayekipima kila siku hukiona hakipungui, hasa kwa sababu anakipima kila siku. Kwa kichanga cha chini ya mwezi mmoja mambo ni tofauti: tezi inayohisika wazi katika umri huo ionwe na mtabibu. Na tezi iliyo juu ya mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani, haina udogo wa kuipuuza katika umri wowote. Hiyo ipelekwe hospitali.

Kwa hiyo, kabla ya dawa, mvue mtoto nguo umtazame kuanzia utosini. Tezi za kisogoni na za nyuma ya masikio mara nyingi zina jibu kwenye nywele: mapunye, chawa, au vipele alivyovikuna hadi vikatoa usaha. Tibu mapunye kwa dawa ya kumeza aliyoandikiwa, maana ya kupaka peke yake haifiki kwenye mizizi ya nywele, na tezi zitashuka zenyewe. Za chini ya taya zina jibu kinywani: jino lililooza, vidonda vya mdomo, mafindofindo. Hapa niseme jambo ambalo si tamu kwa kila msomaji. Mtoto akiharisha au akipata homa, bado wapo wanaompeleka kung'olewa "meno ya plastiki", yaani meno machanga yanayochimbuliwa kwenye ufizi kwa kifaa ambacho hakijachemshwa. Wengine hukatwa kimeo. Kidonda hicho kinywani kinatosha kabisa kuvimbisha shingo, na baada ya hapo mtoto hurudishwa kwa fundi yule yule ili aukate na uvimbe.

Jipu la kweli la tezi lipo, na halijifichi. Huja kwa siku chache, upande mmoja. Linauma, lina joto, ngozi huwa nyekundu au kuwa nyeusi zaidi na kung'aa, mtoto ana homa na hataki kugeuza shingo. Mara nyingi wahusika ni bakteria wa ngozi na wa koo, na dawa yao ni antibiotiki ya kumeza kwa siku 10 hivi, iliyochaguliwa na mtabibu. Antibiotiki ya kununua nusu dozi haifiki. Likijaa usaha, linapasuliwa hospitalini, penye ganzi, na mtu anayejua mishipa ya damu na ya fahamu inapita wapi shingoni. Matubwitubwi nayo huvimbisha shavu mbele ya sikio, hufunika pembe ya taya, na hiyo si tezi ya limfu hata kidogo, huondoka yenyewe.

Sasa twende kwapani. Mtoto wa Tanzania akizaliwa huchanjwa BCG kwenye bega la kulia, ndani ya ngozi yenyewe, na dozi yake ni ndogo mno: nusu ya sehemu ya kumi ya mililita. Wafaransa Albert Calmette na Camille Guérin waliitengeneza chanjo hiyo kuanzia 1908, wakimlea kimelea wa kifua kikuu cha ng'ombe maabarani, kizazi baada ya kizazi kwa miaka 13, hadi akapoteza ukali. Mtoto wa kwanza alipewa mwaka 1921 mjini Paris. Kimelea huyo bado yu hai anapoingia begani, na tezi ya karibu, ya kwapa la kulia, humkagua kama inavyomkagua mwingine yeyote. Kwa watoto wachache tezi hiyo huvimba, kati ya wiki ya pili na mwezi wa sita, bila homa na bila maumivu. Mama humwogesha mtoto, anaikuta, na moyo unamwenda mbio.

Mara nyingi haihitaji kitu. Itanywea kwa wiki au miezi. Ikilainika na kujaa, daktari anaweza kuvuta usaha kwa sindano. Haichanwi, kwa kuwa ikichanwa huacha kidonda kinachotiririka muda mrefu. Wanaohitaji uangalizi wa haraka ni watoto wenye VVU, kwa sababu kwao kimelea cha chanjo kinaweza kusambaa mwilini. Hii ndiyo sababu mojawapo ya kutokukwepa kipimo cha mtoto cha wiki ya sita kwa mama anayeishi na VVU. Tezi zilizovimba kila mahali kwa pamoja, shingoni, kwapani na kinenani, pamoja na utando mweupe mdomoni usioisha na uzito usiopanda, nazo zinadai kipimo hicho.

Nimechelewa kufika kwenye jambo lililonifanya niandike. Tezi ya kifua kikuu haina haraka. Haiumi, haina joto, ngozi iliyo juu yake hubaki na rangi yake kwa wiki nyingi. Huanza moja, zinafuata nyingine, zinashikamana na kuwa bonge moja upande wa shingo. Mtoto anaweza kuwa anacheza. Labda amepungua kidogo, labda jioni ana vuguvugu, labda mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala tangu miezi miwili iliyopita. Hakohoi, na hapo ndipo wengi wanapopotea: hawaamini kwamba kifua kikuu kinaweza kukaa shingoni kwa mtoto mwenye kifua safi. Watabibu hufundishwa kushuku hivi: tezi za shingo zisizouma, zilizoshikamana, zilizozidi sentimita 2 kwa 2, zisizopungua baada ya antibiotiki. Zikiachwa, hulainika taratibu bila kuwaka moto. Jirani hugusa, hutabasamu, husema limeiva. Wembe ukipita hapo hutoa maji mazito yenye chembe mithili ya jibini, na tundu halifungi. Linaweza kutoa uchafu kwa miezi, likifunga kovu lake huvuta ngozi yote ya shingo.

Kuna mtoto mmoja maarufu aliyebeba makovu ya namna hiyo hadi uzeeni. Samuel Johnson alizaliwa mwaka 1709 katika mji wa Lichfield, Uingereza, akapewa mama wa kukodi amnyonyeshe, na wengi wamedhani kwamba ugonjwa wa tezi za shingo aliupata katika nyumba ile. Siku hizo Waingereza waliamini kwamba mguso wa mfalme huponya tezi. Mwezi Machi 1712 mama yake alimpeleka London, Malkia Anne akamgusa, na mtoto akavishwa kipande cha dhahabu chenye utepe. Alikivaa maisha yake yote, hata baada ya kuandika kamusi kubwa ya Kiingereza iliyotoka 1755, hadi alipofariki mwaka 1784. Dhahabu haikumsaidia lolote: macho yake yalidhoofika, na shingo yake, iliyopasuliwa na madaktari, ilibaki na alama. Huku Geita watu wanaouza dhahabu wangecheka kusikia habari za hirizi ya dhahabu ya tezi. Lakini wanaocheka hivyo baadhi yao wana watoto waliofungwa kamba nyeusi shingoni kwa ugonjwa huo huo.

Jambo la Johnson lenye somo ni lile la nyumba. Mtoto mdogo haokoti kifua kikuu barabarani. Kwa kawaida hukipata kwa mtu mzima anayelala naye chumba kimoja, anayembeba, anayemkoholea usoni bila kukusudia miezi kadhaa mfululizo. Mtoto mwenye tezi za TB kwa kawaida hamwambukizi mtu. Yeye ndiye aliyeambukizwa. Kwa hiyo mazungumzo kliniki hugeuka, na mara nyingi huenda hivi:

"Mwangaluka, mayu. Nani anakohoa hapo nyumbani?"

"Hakuna, daktari."

"Na baba yake?"

"Huyo hakai. Yuko machimboni. Alikuja sikukuu akarudi."

"Alipokuja, alikuwa anakohoa?"

"Ni vumbi tu lile."

Vumbi tu. Nafikiri hakuna maneno mawili yanayowaponza watoto wa ukanda huu kuliko haya. Mwamba wenye dhahabu ya Geita na Kahama una mawe meupe ya kwazi, na kwazi ikichorongwa, ikipondwa kwa nyundo au ikisagwa kwenye karasha, hutoa vumbi la silika ambalo jicho halilioni likielea. Vumbi hilo likifika mapafuni humezwa na zile seli ambazo kazi yake ni kummeza kimelea wa kifua kikuu, nalo huziua au huzilemaza. Miaka ikienda, mapafu hupata makovu. Mchimbaji mwenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine, na kwa kuwa kikohozi alikuwa nacho tangu zamani, kikibadilika hakitambui. Ongeza duara, yaani shimo la machimbo, lenye hewa nzito, ongeza kibanda cha turubai wanamolala watu sita, ongeza utaratibu wa kuhama kila rashi mpya inapotangazwa. Wanawake nao wamo, wengi wakigonga mawe huku mtoto yuko mgongoni. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2013 kuhusu machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, ilieleza habari za watoto, wengine wa umri wa miaka 8, waliokuwa wakifanya kazi katika vumbi hilo na kushika zebaki kwa mikono mitupu.

Karasha likimwagiwa maji wakati wa kusaga, vumbi hupungua sana. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii chembe ndogo zenyewe. Na shati la machimboni lisiwe ndilo analolalia mtoto baba akirudi. Haya ni ya kuwaambia wenye makarasha pia, siyo akina mama peke yao.

Ipo njia ya pili, nayo haipitii machimboni. Kifua kikuu cha ng'ombe huingia kwa maziwa mabichi, na kimelea kilichomezwa hukaguliwa kwanza na tezi za shingo. Mwaka 2001 Profesa Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzake walichapisha utafiti uliompata kimelea wa ng'ombe katika tezi za shingo za wagonjwa wa Tanzania. Ulaya iliwahi kuwa na watoto wengi wa namna hiyo kabla maziwa hayajaanza kuchemshwa viwandani. Upande wa Maswa na Meatu, ambako kibuyu cha maziwa hakikosekani, ushauri ni kuchemsha kwanza, kisha kugandisha. Wazee watasema ladha inapotea. Inapotea kidogo, kweli.

Hospitalini kazi si ndefu. Mtoto hupimwa uzito, hupimwa VVU, huulizwa ya nyumbani. Sindano nyembamba huingizwa kwenye tezi na matone machache yakavutwa. Mengine huangaliwa kwa hadubini, mengine hutiwa kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo kwa muda wa kama saa 2 huonyesha kama kimelea yumo na kama anastahimili rifampisini. Mtoto hulia kidogo kuliko anavyolia kwenye chanjo ya paja. Pasipo na mashine, sampuli husafirishwa.

Dawa ni za bure. Kuanzia mwaka 2016 nchi za kwetu, Kenya ikitangulia, zilianza kupokea vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji na vyenye ladha ya matunda, badala ya kile kidonge cha mtu mzima ambacho mama alikikata kwa kisu na kukisaga kwa kijiko. Kozi iliyozoeleka ni miezi 6. Mwaka 2022 utafiti uliofanyika Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India, kwa watoto 1,204, ulionyesha kwamba miezi 4 inatosha kwa kifua kikuu kisicho kikali, tezi za shingoni zikiwamo, na Shirika la Afya Duniani likaukubali ushahidi huo mwaka huo huo. Muda wa mtoto wako atausema mtabibu wake. Mambo mawili huwatisha wazazi katikati ya safari: mkojo huwa na rangi ya chungwa, nayo ni rangi ya dawa tu, na kwa baadhi ya watoto tezi huvimba zaidi wakati dawa inafanya kazi, hata mpya hutokea. Si dalili ya kuacha dawa. Rudi umwonyeshe aliyekuanzishia.

Mbali na jipu na kifua kikuu, lipo kundi la tatu la uvimbe, dogo, lenye haraka kubwa. Bonge linaloonekana kukua kati ya Jumapili na Jumapili, hasa kwenye taya la mtoto wa miaka 4 hadi 8, meno yakilegea, au tumbo likivimba, linaweza kuwa saratani ya Burkitt. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958, na Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili waliingia kwenye gari kuukuu wakazunguka karibu kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini wakiuliza kila hospitali kama inawaona watoto wa aina hiyo. Ramani waliyorudi nayo ilifanana na ramani ya malaria, na kanda ya Ziwa Victoria ilikuwa ndani. Upande wetu wa ziwa, kati ya 1977 na 1982, watoto wa North Mara waligawiwa klorokwini ili ionekane kama kupunguza malaria kutapunguza saratani hiyo. Ilipungua, kisha vimelea vya malaria viliizoea dawa, na saratani nayo ikapanda tena. Lakini kwa kuwa ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya mradi, watafiti walikataa kuapa. Kinachomhusu mzazi ni kwamba saratani hii hupona kwa dawa ikiwahiwa, na kwa watu wa Shinyanga na Geita mlango wake ni Hospitali ya Bugando, Mwanza. Wiki moja inayopotea kwa kubandika majani ni ndefu sana kwa ugonjwa huu.

Nimwombe mwenye duka la dawa jambo moja. Prednisoloni na deksamethasoni huushusha uvimbe wa saratani ya tezi au ya damu kwa siku chache, mama akarudi na shukrani, na ugonjwa ukajificha hata kwenye vipimo. Mtoto mwenye tezi asipewe dawa hizo kabla hajapimwa.

Ziwa Victoria limewahi kuona watu wakipapaswa shingo kwa sababu nyingine. Wakati wa mlipuko wa malale mwanzoni mwa karne iliyopita, madaktari wa wakoloni waliwapanga wanakijiji mstari wakitafuta tezi za nyuma ya shingo na kuzichoma sindano kuangalia vimelea. Mwaka 1906 alikuja Robert Koch mwenyewe, yule aliyemgundua kimelea wa kifua kikuu mwaka 1882, akapiga kambi visiwa vya Ssese na kutibu wagonjwa wengi kwa atoksili, dawa yenye arseniki iliyowapofusha baadhi yao. Wale walipapaswa bila kuulizwa. Mzazi wa leo ana haki ya kuuliza tezi inachomwa kwa nini, majibu yatatoka lini, na nani atampigia simu.

Na majibu yakisema kifua kikuu, kazi haiishii kwa mtoto. Watu wote wa nyumba ile hupimwa. Mdogo wake mwenye umri chini ya miaka 5, asipokuwa mgonjwa, hupewa dawa kinga. Kwa miaka mingi ilikuwa isoniazidi ya kila siku kwa miezi 6, na sasa zipo ratiba za miezi 3. Baba hupigiwa simu, na akiwa duarani Rwamgasa simu haipatikani hadi jioni. Aambiwe aende kituo cha karibu na machimbo akatoe makohozi huko huko, asisubiri kurudi nyumbani. Akikutwa nacho na kuanza dawa, kisha rashi ikamwita Chunya au Mererani, aombe fomu ya uhamisho kabla ya kupanda basi: dawa za huko ni zile zile, bure kama za Shinyanga, na ataendelea pale alipoishia bila kuanza upya. Fomu hiyo aitunze vizuri kama anavyotunza kitambulisho, kwa sababu kituo kipya kitaiuliza siku ya kwanza.